Somo la Vikundi: Neno "Fast", Imara au Haraka?



Mara kwa mara mnatuuliza maana ya maneno ya Kiingereza yaliyo katika karatasi zinazopita mikononi mwenu: barua za wafadhili, fomu za hospitali, mikataba ya mikopo, maagizo kwenye pakiti za rangi ya nguo. Katibu anasoma, wanachama wanasikiliza, kila neno ni kama linajulikana, lakini barua nzima haieleweki. Safari hii tumechukua neno moja tu, la herufi nne, neno ambalo mtoto wa darasa la tatu atakuambia analijua: "fast".

Muulize. Atasema ni haraka, upesi, mbio. Hajakosea. Lakini neno hili lina maana nyingine ya zamani zaidi, ambayo shuleni hupitwa tu. Maana hiyo ni imara: kitu kilichoshikwa kikashikika, kisichotoka wala kutikisika. Tena lina maana ya tatu, yaani kukaa bila kula, kwa ajili ya Mungu au kwa sababu nyingine. Maana tatu zisizofanana hata kidogo, utasema. Sisi tunaona zimetoka tumbo moja, na mtu akishaona undugu wao hatababaishwa tena na karatasi.

Tuanze Nairobi, maana huko ndiko karatasi nyingi zinakotoka. Ukishuka katikati ya jiji, Tom Mboya Street au Moi Avenue, utaliona "fast" kwenye mabango kila upande: chipsi na kuku vya haraka, picha za pasipoti za haraka, mikopo ya haraka. Ukipanda matatu namba 46 ya kwenda Kawangware au namba 23 ya kwenda Kangemi, manamba anakusukuma uingie upesi hata kama gari lenyewe litakaa stejini nusu saa likingoja kujaa. Tangu Mei 2022 kuna hata barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ili wenye pesa wasikwame chini pamoja na sisi wengine. Jiji lote linasema "fast" likimaanisha mbio, kwa hiyo si ajabu mkaaji wa Nairobi akidhani neno hilo halina kazi nyingine.

Lakini Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walilitumia kwa maana ya imara. Ukuta ulio imara, fundo lililokazwa, mlango uliofungwa vizuri, vyote vilikuwa "fast". Mbio zilikuja baadaye. Sasa, imara iligeukaje kuwa mbio? Kilichosimama imara si ndicho kisichokwenda popote?

Jibu mnalo vinywani kila siku, katika neno kukaza. Tuseme mnapakia magunia ya mahindi juu ya pikapu. Mwenzako aliye juu anapiga kelele: kaza kamba! Maana yake vuta, ishike, isilegee. Halafu mnatembea kurudi nyumbani, mnaona wingu jeusi linakuja kutoka milimani, na mtu yule yule anasema: kaza mwendo! Hapo hakuna kamba wala fundo. Anataka mwende upesi. Neno ni lile lile, na hakuna aliyechanganyikiwa. Kwa nini? Kwa sababu mwendo nao unaweza kulegea kama kamba, na unaweza kukazwa kama kamba. Anayekaza mwendo anatia nguvu, hauachi ulegee. Waingereza walipita njia hiyo hiyo. Walianza kwa kusema mtu anapigana kwa kukaza, anafanya kazi kwa kukaza, anakimbia kwa kukaza, na polepole kukimbia kwa kukaza kukawa ni kukimbia mbio. Ndivyo kukaza kulivyozaa haraka.

Basi kumbukeni neno kaza. Mkikutana na "fast" mahali ambapo haraka haileti maana, jiulizeni: hapa ni nini kimekazwa? Nini kimeshikwa?

Jaribuni hili. Barua inasema gari la mradi lilikuwa "stuck fast" njiani. Anayejua haraka tu atafikiri gari lilikwama kwa haraka, au lilikwama likiwa mbioni. Sivyo. Limekwama kabisa, limeng'ang'aniwa na matope, halitoki mpaka trekta lije. Mtoto aliye "fast asleep" hajalala kwa haraka. Amezama katika usingizi wa pono. Marafiki "fast" ni chanda na pete. Na Maandiko ya Kiingereza yanapotuambia "hold fast", yanasema tushike sana, tusiachilie, kama katika Waebrania 10:23. Hakuna haraka yoyote hapo. Kwa kweli mahali hapo panahitaji subira.

Kutokana na "fast" hiyo ya imara wakapata kitenzi "fasten", kukaza au kufunga kitu kisitoke. Hilo mmeliona ndani ya magari. Mnakumbuka sheria za Michuki. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alizitangaza mwaka 2003, zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila kiti cha matatu kiwe na mkanda, na kila matatu iwe na kidhibiti mwendo, isizidi kilomita 80 kwa saa. Fikirini kidogo: sheria hiyo moja ilikuwa na ndugu wawili ndani yake. Iliamuru mkanda ukazwe, na ikakataza mwendo kukazwa. Siku zile za kwanza watu wengi walitembea kwa miguu kutoka Kangemi na Kawangware mpaka mjini kwa sababu magari yaliyotimiza masharti yalikuwa machache. Mikanda ile sasa mara nyingi iko chini ya kiti imejaa vumbi, lakini hayo ni mambo ya somo lingine.

Sasa tuje kwenye kazi za vikundi. Wengi wenu, hasa akina mama, mnatia nguo rangi kwa kufunga mafundo au kwa nta, mnauza vitambaa na mashuka. Mkienda Biashara Street kununua kitambaa cheupe na rangi, mtaona kwenye pakiti au kwenye pindo la kitambaa maneno "fast colour" au "colour fast". Tafadhali msidhani hiyo ni rangi inayoshika kwa haraka. Ni rangi isiyotoka. Ukifua leo, ukifua kesho, ukianika juani, inabaki imeshika uzi.

Na hapa maana mbili zinagombana kabisa. Rangi za maji baridi zinazotumika kwa pamba hushika kwa msaada wa soda, ile inayotokana na magadi. Zinahitaji muda. Kitambaa kilichopakwa rangi kinatakiwa kikae kikiwa kibichi, kimefunikwa kwa karatasi ya nailoni, saa nyingi, hata usiku kucha, ndipo rangi iungane na uzi. Kikundi chenye haraka kikisuuza baada ya saa moja ili kiwahi soko, rangi inaondoka na maji. Kitambaa kitapendeza mezani siku ya kuuza, lakini mteja akikifua pamoja na shati jeupe la mzee wake, mmempoteza mteja huyo na jirani zake wote.

Kupima ni rahisi. Chukueni kipande cheupe cha pamba, kiloweni, kisugueni kwa nguvu juu ya kitambaa mlichotia rangi. Kikibaki cheupe, mmefaulu. Kikichukua rangi, suuzeni tena kwa maji mengi mpaka maji yatoke safi, kisha mpime mara ya pili. Ikiwa bado inatoka baada ya hapo, msiuze kwa jina la rangi isiyotoka. Mwambieni mnunuzi ukweli, na bei ishuke. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi.

Tuendelee na barua. Kuna msemo mmoja wa Kiingereza ambao wafadhili wanaupenda sana: "hard and fast". Ukitafsiri neno kwa neno unapata ngumu na haraka, na hapo kikundi kinaogopa. Lakini kanuni iliyo "hard and fast" ni kanuni isiyopindishwa, iliyokazwa. Tuseme mmeomba pesa za tangi la maji, na mfadhili anajibu kwamba kuhusu ukubwa wa tangi hakuna kanuni ya "hard and fast". Maana yake ni habari njema: mnaweza kuchagua, mnaweza kujadiliana naye, anawasikiliza. Kikundi kisichoelewa kitafikiri kimeambiwa jambo ni gumu na kifanye upesi, kisha kitanunua tangi lisilotosha kwa hofu ya kuchelewa. Kinyume chake pia kipo. Akisema tarehe ya kuleta hesabu ni "hard and fast", msitume barua ya kuomba wiki mbili. Pelekeni hesabu.

Hata katika katiba ya kikundi chenu jambo hili lipo, mkiandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ni vizuri mjue ni vifungu gani vimekazwa na vipi vinaweza kulegezwa na mkutano. Kwa maoni yetu kifungu cha watu watatu kutia sahihi benki kikazwe kabisa, hata kama mweka hazina ni mtu mwaminifu kama malaika. Siku ya mkutano, au saa ya kuanza, hayo yaacheni mikononi mwa wanachama.

Kuhusu mikopo tutasema machache, kwa sababu hapo "fast" ni haraka kweli kweli na hakuna fumbo. Fumbo liko kwenye hesabu. Mkopo wa simu unaoingia kwa dakika moja, wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, unasikika mdogo. Kopa shilingi 10,000, unarudisha 10,750. Ukilipa kwa wakati na shida ikaisha, hakuna ubaya mkubwa. Lakini ukiuzungusha, yaani unalipa leo na kukopa tena kesho, kwa miezi kumi na miwili umelipa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado unadaiwa. Kikundi kinachokopeshana kwa asilimia moja kwa mwezi kingekudai ada ya 1,200 kwa mwaka mzima. Kweli, kikundi kitakungojesha mpaka Jumamosi ya mkutano. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinazotaka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, kwa hiyo kabla ya kubonyeza, ulizeni kama huyo anayewaita ana leseni.

Sasa tufike kwenye maana ya tatu, kufunga kula. Kiingereza kinasema "fast" pia. Mwanafunzi anasoma kwamba Bwana Yesu alifanya "fast" jangwani siku arobaini, anashangaa kama alikuwa anakimbia. Mnacheka, lakini swali hilo huulizwa.

Hapa tena lugha yetu inatusaidia. Sisi tunasemaje? Tunasema kufunga. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga mkanda, tunafunga ndoa, na wakati wa Kwaresima tunafunga. Ndugu zetu Waislamu wakati wa Ramadhani wanafunga, na jioni wanafungua. Ni kitenzi kile kile cha kukaza kamba. Kwa nini? Kwa sababu anayefunga amejikaza, amejifunga kwa neno alilompa Mungu, mdomo wake ni kama mlango uliotiwa komeo. Waingereza nao walifikiri hivyo hivyo. Kwao kufunga kulikuwa kushika sana, kushika amri, kutolegeza. Hata chakula chao cha asubuhi, "breakfast", maana yake ni kuvunja mfungo wa usiku, na sisi bila kuiga tukakiita kifungua kinywa. Wajerumani wanasema "fest" kwa imara na "fasten" kwa kufunga kula. Yaani mataifa yaliyo mbali hivyo yameona jambo moja: kukosa kula kwa bahati mbaya ni njaa tu, lakini kukataa kula kwa kushika neno ni uimara.

Kama mnataka kuona maana hiyo kwa macho, nendeni Uhuru Park, katikati ya Nairobi, kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Ng'ambo ya barabara ni Nyayo House, ambako miaka ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya chini. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama, baadhi yao wazee waliotoka vijijini kama ninyi, walikwenda kwa Mkuu wa Sheria wa wakati huo, Amos Wako, kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Waliwataja wafungwa 52. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa lile shirika la kupanda miti, Green Belt Movement, alikuwa pamoja nao. Kutoka hapo walikwenda kwenye pembe ile ya bustani, wakaketi, wakaanza kufunga. Walisema watangoja hapo mpaka wana wao waje. Pembe hiyo ikaitwa Freedom Corner.

Tazameni maneno yenyewe katika Kiswahili: mama walifunga kwa ajili ya waliofungwa. Kiingereza hakiwezi kusema hivyo kwa neno moja, chetu kinaweza. Watoto walikuwa wamefungwa na serikali. Mama wakajifunga wenyewe, kwa hiari, ili wale wafunguliwe. Nabii Isaya alikwisha kuunganisha mambo hayo mawili. Someni sura ya 58, mstari wa 6. Mungu anauliza hapo ni kufunga kupi anakokupenda, na jibu lake linahusu vifungo vya watu kufunguliwa na walioonewa kuachwa huru. Tukisoma kwa Kiswahili, kufunga na kufungua vinakutana katika mstari mmoja.

Siku ya tano, tarehe 3 Machi, polisi walikuja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa Maathai na wengine watatu walipigwa mpaka wakazimia, wakapelekwa hospitali. Baadhi ya mama wazee walivua nguo mbele ya wale askari vijana, na kila Mwafrika anajua uzito wa laana hiyo. Wengi wetu tungerudi nyumbani hapo. Wao hawakurudi. Walihamia hatua chache tu kutoka bustani hiyo, katika kanisa kuu la All Saints, wakati Askofu Mkuu wa Kianglikana alikuwa Manasses Kuria. Kanisa liliwapa nafasi, na wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakifunga mara kwa mara, mpaka mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote hao walipoachiliwa.

Haya, hiyo ilikuwa "fast" ya namna gani? Ya haraka haikuwa, maana ilichukua karibu mwaka. Ilikuwa ya kutokula, na ilikuwa ya imara. Kiingereza kina neno la kuwaeleza mama hao, "steadfast", na ndani yake limo "fast" letu. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu humkumbuka kwa miti, na ni haki, lakini sisi tungependa vikundi vya akina mama visisahau wale wengine walioketi naye, ambao majina yao hayamo vitabuni sana na ambao hawakuwa na cheo chochote ila umama wao.

Tumeacha hospitali mpaka mwisho kwa sababu huko maana zote tatu zinakutana kwenye karatasi moja, na kukosea kunaweza kumgharimu mtu afya yake.

Mtu wenu anaenda kupimwa sukari. Fomu imeandikwa "fasting", au kwa kifupi FBS. Hiyo ni kufunga: asile kitu kwa saa nane au zaidi kabla ya kutolewa damu, kwa kawaida tangu usiku. Maji matupu anaruhusiwa. Chai ya maziwa hapana, hata ile kidogo ya kutafuna na andazi. Akinywa, majibu yatasema sukari iko juu kumbe ni andazi.

Mwingine anakohoa, amekonda, usiku anatoka jasho. Anapelekwa kupimwa makohozi, pengine katika Hospitali ya Mbagathi, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana Nairobi kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Fomu yake imeandikwa AFB. Herufi hizo zinasimama badala ya "acid-fast bacilli". Yule kijana wa familia aliyemaliza kidato cha nne anasoma "fast", na sasa kuna hatari mbili. Anaweza kusema: wameandika ugonjwa wa haraka, mzee anakufa, turudi naye nyumbani. Au anaweza kusema: wameandika afunge, asile mpaka apimwe. Mgonjwa wa kifua anahitaji chakula kuliko mtu yeyote, na kutoa makohozi hakuhitaji kufunga.

"Fast" hiyo ni ya imara, ni ndugu wa rangi isiyotoka kwenye kitambaa. Vijidudu vya kifua kikuu vina ganda lenye mafuta kama nta. Maabara hupaka makohozi kwenye kioo kidogo, huyatia rangi nyekundu na kuyapasha moto, halafu huyaosha kwa asidi. Vijidudu vingine vinaachilia ile nyekundu. Vya kifua kikuu vinaishika, asidi haiwezi kuitoa. Kisha inatiwa rangi ya samawati, na anayetazama katika hadubini anaona vijiti vyekundu juu ya samawati. Akina mama wa rangi, kazi hiyo ninyi mnaijua! Ni kile kipimo cha kitambaa cheupe, ila kinafanywa kwa kijidudu. Kwa hiyo AFB ikiandikwa "positive" haisemi ugonjwa unakimbia. Inasema wameviona vijidudu vilivyoshika rangi, na matibabu yaanze.

Siku hizi hospitali nyingi zina mashine iitwayo GeneXpert, inayofanya kazi hiyo kwa muda wa saa mbili hivi na pia kuonyesha kama dawa kuu ya rifampisini itafaa. Hiyo ndiyo haraka ya kweli, na tunaishukuru. Lakini dawa zenyewe hazina haraka. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, kila siku, na katika hospitali za serikali dawa ni bure. Baada ya wiki chache mgonjwa anajisikia nafuu, anaongeza uzito, anarudi kwa vibarua vyake, na hapo ndipo wengi wanaacha. Vijidudu vilivyobaki vinajifunza kuishinda dawa, na kumtibu mara ya pili ni kazi kubwa zaidi. Kikundi kinaweza kumsaidia. Tumeona vikundi vinavyochagua mwanachama mmoja awe anapita kwa mgonjwa kila asubuhi kumwona akimeza dawa, bila kelele na bila kumtangaza kijijini.

Kazi ya kufanya kikundini

Katibu alete karatasi zote za Kiingereza mlizopokea mwaka huu. Tafuteni "fast", "fasten", "fasting" na "steadfast", na kila mnapolipata neno, semeni kama ni kaza, ni mbio, au ni funga. Mkibishana, someni sentensi yote tena, na ya juu yake.

Wenye kazi ya rangi wafanye kile kipimo cha kitambaa cheupe mbele ya wanachama wote kabla ya siku ya soko. Wengine waandike maneno mengi kadiri wanavyoweza yanayotokana na funga: kufuli halimo, lakini kifungo, ufunguo, mfungwa na fungu yajadilini wenyewe.

Kisha ulizeni, kwa upole, kama kuna nyumba yenye mtu ambaye kikohozi chake hakiponi. Amueni nani atamsindikiza kliniki, siku gani, na nauli itatoka wapi.